Linux Ipi kwa Netibuku ya Zamani? antiX, Puppy, Q4OS na Debian Zikilinganishwa

Netibuku, zile kompyuta mpakato ndogo za inchi 7 hadi 10 zilizovuma kuanzia mwaka 2007 Asus ilipotoa Eee PC 701, bado ziko mikononi mwa watu wengi. Nyingi hazijaharibika. Zimelemewa tu na Windows iliyozizidi nguvu, au zimebaki na mfumo usiopata tena masasisho ya usalama. Linux, mfumo endeshi huru, inaweza kuzirudisha kazini, na hapo ndipo mtu anapokwama: aweke ipi?

Kila mpenzi wa distro fulani (toleo la Linux lililofungashwa na kundi fulani) atakuambia yake ni nyepesi, lakini sifa hiyo peke yake haikusaidii kuchagua. Distro inaweza kuwa nyepesi na ikakataa kabisa kuwaka kwa sababu imeundwa kwa prosesa za biti 64, kizazi kipya zaidi, na yako ni ya biti 32. Nyingine huwaka upesi lakini husahau kila ulichofanya mara unapozima. Nyingine inafanya kazi vizuri leo, ila waundaji wake wako njiani kuacha kuitunza. Ninavyoona mimi, kwenye mashine ndogo hivi distro hazitofautiani sana kwa wepesi. Tofauti kubwa iko katika namna zinavyohifadhi kazi yako na muda ambao zitaendelea kusasishwa.

Nimechukua nne ambazo bado zina maana kwa netibuku: antiX 23, Puppy katika toleo la BookwormPup32, Q4OS 5 yenye eneokazi (sura ya madirisha na menyu) la Trinity, na Debian 12 yenye eneokazi la LXDE. Zote nne zina uhusiano na hazina ya programu za Debian 12, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Wenye mashine ya biti 64 nitawagusia kila panapohitajika.

Ijue mashine kwanza

Hatua hii huamua mengi kuliko jina la distro, kwa hiyo usiiruke.

Netibuku nyingi za 2008 na 2009 zilitumia Intel Atom N270 ya GHz 1.6 au N280 ya GHz 1.66. Hizo ni za biti 32 tu, na hakuna ujanja wa kuzibadilisha. Kuanzia mwanzoni mwa 2010 zikaja N450 na ndugu zake, ambazo zinaweza kuendesha mfumo wa biti 64. Wamiliki wengi wa N450 hawalijui hilo, kwa sababu mashine zao ziliuzwa na Windows 7 Starter, iliyokuwa ya biti 32 peke yake. Ukiwa ndani ya Linux yoyote, fungua terminali uandike lscpu, kisha usome mstari unaoanza na "CPU op-mode(s)". Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, uwanja wako wa kuchagua ni mpana. Ukiona 32-bit pekee, uwanja ni mwembamba na unazidi kupungua.

Umepungua kwa hatua. Ubuntu iliacha kutoa ISO (faili la kuwashia na kusakinishia mfumo) ya eneokazi ya biti 32 kuanzia toleo la 17.10 mwaka 2017, na Arch nayo ikaacha mwaka huohuo. Fedora iliondoa keneli (kiini cha mfumo) ya biti 32 katika toleo la 31 mwaka 2019. Pigo kubwa lilikuja Agosti 2025, Debian 13 ilipotoka bila keneli wala kisakinishi cha biti 32. Distro nyingi ndogo hujengwa juu ya Debian, kwa hiyo uamuzi huo umezigusa nyingi kwa mpigo. Ndiyo maana nazungumzia matoleo yaliyojengwa juu ya Debian 12 ya Juni 2023, hata kama kuna mapya zaidi.

Jambo la pili ni kadi ya picha. Netibuku ya kawaida ina GMA 950 au GMA 3150 za Intel, na hizo Linux inazifahamu vizuri. Taabu iko kwa zenye Atom Z520 au Z530, na zile za mwisho zenye N2600 au N2800. Kadi za picha za hizo, GMA 500 na familia ya GMA 3600, zilitokana na teknolojia ya PowerVR. Draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyomo ndani ya keneli, gma500, inatoa ukubwa sahihi wa skrini lakini haina msaada wa kuharakisha uchoraji. Ukiwa na mashine ya aina hiyo, usihangaike kubadilisha distro ukitafuta video laini. Haitapatikana kwa njia hiyo. Amri ya lspci itakuonyesha unayo ipi.

La tatu ni RAM. Nyingi zilikuja na GB 1 na zinapokea hadi GB 2. Kama kuna kifuniko cha RAM chini ya mashine yako, kuongeza hiyo GB moja kutakupa faida kubwa kuliko kuhama kutoka distro yoyote kwenda nyingine kati ya hizi nne. Nasema hivi kwa sababu watu hutumia jioni nyingi wakitafuta mfumo unaookoa MB 80, huku kilichokuwa kinahitajika ni bisibisi.

Mwisho ni diski. Eee PC 701 ya kawaida ina GB 4 zilizounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, nyingine zina diski ya kuzunguka ya GB 160 au zaidi. GB 4 hazitoshi kusakinisha Debian yenye eneokazi ukabaki na nafasi ya kupumua. Kwa diski kubwa, suala hilo halipo.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima zote nne kwa mambo matano: RAM zinayotumia kabla hujafungua chochote, namna unavyoweza kuzijaribu na zinavyohifadhi kazi yako, wifi na vifaa, namna zinavyokaa kwenye skrini fupi, na masasisho. Kivinjari nimekitenga peke yake kwa sababu kinazibana zote kwa namna ileile.

RAM

antiX ndiyo yenye matumizi madogo. Ikiwaka na IceWM, kisimamizi chake cha madirisha, katika toleo la biti 32, hukaa chini ya MB 250 na mara nyingi chini zaidi. Haitumii systemd, programu ya kuwasha huduma za mfumo iliyozoeleka kwenye Linux nyingi; badala yake unachagua sysVinit au runit tangu unapopakua. Kuna pia matoleo yaliyopunguzwa, base na core, kwa anayetaka kujenga mwenyewe kuanzia chini.

Debian 12 yenye LXDE na Q4OS yenye Trinity hukaribiana, kati ya MB 250 na 400 hivi, kutegemea huduma ulizoacha zikiwaka. Kwenye Debian unaweza kupunguza kwa kuondoa usichohitaji, kwa mfano huduma ya printa kama huna printa. Kwenye Q4OS kazi hiyo hufanywa mwanzoni, maana ina chombo kinachokuuliza unataka eneokazi kamili, la msingi, au tupu kabisa. Ukichagua la msingi, unaokoa nafasi ya diski na RAM bila kujua chochote kuhusu huduma za mfumo.

Puppy inahitaji maelezo zaidi kidogo. Sifa yake tangu Barry Kauler alipoianzisha mwaka 2003 ni kwamba hujipakia yote ndani ya RAM, ndiyo maana programu zake hufunguka haraka ajabu. Hilo lilikuwa rahisi ISO zilipokuwa na takriban MB 100. Puppy za sasa ni kubwa mara kadhaa, na kwenye GB 1 haziwezi kujipakia zote na kukuachia nafasi ya kivinjari. Ukiwa na GB 1, ongeza pfix=nocopy kwenye mstari wa kuwasha ili mfumo usomwe kutoka kwenye flashi au diski badala ya kunakiliwa. Itapoteza sehemu ya kasi yake, lakini itakuwa na pumzi. Ukiwa na GB 2, iache ijipakie na utaona kwa nini watu wanaipenda.

Tofauti ya MB 150 ni kubwa kwenye mashine ya MB 512. Kwenye GB 1 inaonekana. Kwenye GB 2 karibu haina maana, na hapo vigezo vinavyofuata ndivyo vinavyopaswa kukuongoza.

Kujaribu bila kugusa diski, na kuhifadhi

Kigezo hiki ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote kwa mtu anayetaka kuonja kadhaa kabla ya kuamua.

antiX na Puppy zimezaliwa kwa ajili ya flashi. antiX huwaka kamili kutoka kwenye flashi. Jina la mtumiaji ni demo na nywila ni demo, na nywila ya mtumiaji mkuu ni root. Kwenye menyu ya kuwasha unaweza kuchagua uhifadhi wa kudumu, ili mipangilio, programu na mafaili yako yabaki kwenye flashi hata ukizima. Zaidi ya hapo, antiX ina chombo cha kufinyanga upya ISO yake: unaongeza programu unazotaka, unaondoa usizozitaka, kisha unaufunga mfumo wako kama faili jipya la kuwashia. Unaweza kutumia netibuku yenye diski iliyokufa kwa miaka kwa njia hii.

Puppy huhifadhi kwa namna yake. Unapozima mara ya kwanza inakuuliza kama unataka kutunza kazi yako, na ukikubali inaunda folda au faili moja lenye mabadiliko yote. Ukiharibu kitu, unawasha kwa pfix=ram, yaani bila kusoma hifadhi hiyo, na unapata Puppy safi kama siku ya kwanza. Kwa anayejifunza, utaratibu huu unampa ujasiri wa kugusa kila kitu. Pia inaweza kukaa kwenye diski kama folda tu yenye mafaili machache, sambamba na Windows, bila kugawanya diski upya. Kwa Eee PC yenye GB 4, hiyo ndiyo njia inayofaa zaidi. antiX nayo inaweza kusakinishwa hivyohivyo, ingawa wengi hawaitumii kwa njia hiyo.

Q4OS hutoa mafaili ya aina mbili, ya kujaribu na ya kusakinisha tu. Soma maelezo ya faili la biti 32 kabla ya kulipakua, usije ukadhani unajaribu kumbe kisakinishi kiko tayari kugusa diski yako. Ikishasakinishwa inakaa kama mfumo wa kawaida.

Debian 12 ndiyo dhaifu hapa kwa mwenye biti 32, kwa sababu ISO zake za majaribio ni za biti 64 pekee. Wa biti 32 anapata kisakinishi tu. Kuna njia ya kuzunguka: jaribu vifaa vyako kwa antiX. Kwa kuwa antiX imejengwa juu ya Debian, wifi na sauti zikifanya kazi humo, uwezekano ni mkubwa zitafanya kazi pia kwenye Debian, ingawa keneli zao si ileile. Ukishasakinisha Debian, hata hivyo, hakuna cha ajabu kuhusu kuhifadhi. Mafaili yanakaa kwenye diski, basi.

Kwa kuonja kadhaa kwa flashi moja, Ventoy inasaidia: unainakili ISO kama faili lolote, na wakati wa kuwasha unapata menyu ya kuchagua. Ila ukishaamua kutumia antiX au Puppy kutoka kwenye flashi kila siku, ipe flashi yake peke yake. Na kabla ya kuwasha, linganisha sha256sum (alama ya utambulisho) ya faili na ile iliyotolewa na waundaji. ISO iliyopakuliwa nusu huleta matatizo ya ajabu ambayo watu huilaumu distro.

Wifi na vifaa

Tangu Debian 12, fimuwea zisizo huru (programu za ndani za vifaa, zisizo na msimbo wazi) zimo ndani ya kisakinishi rasmi, kufuatia kura ya wanachama wa Debian mwaka 2022. Hilo limeondoa kero kubwa ya zamani. Kadi za Atheros zilizomo kwenye Acer Aspire One nyingi hufanya kazi mara moja kwenye zote nne.

Tatizo hubaki kwa kadi za Broadcom, hasa BCM4312 iliyotumika kwenye baadhi ya netibuku za Dell na HP. Fimuwea yake hairuhusiwi kusambazwa bure, kwa hiyo Debian ina kifurushi kiitwacho firmware-b43-lpphy-installer kinachoipakua kutoka kwenye intaneti. Ina maana unahitaji intaneti ili upate intaneti. Bahati nzuri netibuku karibu zote zina tundu la waya wa mtandao; chomeka waya, sakinisha kifurushi, zima uwashe. Q4OS inafuata njia ileile. Puppy hubeba draiva na fimuwea nyingi ndani yake, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuishika kadi ngumu.

antiX 23 inatumia Connman kusimamia mitandao. Inafanya kazi, ila dirisha lake halielekezi vizuri kama lile la NetworkManager, na anayeanza anaweza kudhani wifi haipo kumbe imezimwa tu. Kwa kweli hapa antiX ingeweza kumhurumia mgeni zaidi.

Kwa mashine za zamani zaidi zenye prosesa ya Celeron M, kuna suala la PAE, uwezo wa prosesa ya biti 32 kufikia RAM zaidi ya GB 4. Keneli nyingi za biti 32 huihitaji, na baadhi ya prosesa hizo haziitangazi. antiX ya biti 32 huja na keneli isiyohitaji PAE, kwa hiyo huwaka mahali ambapo baadhi ya distro hugoma na ujumbe mfupi kwenye skrini nyeusi.

Skrini yenye mistari 600

Netibuku ya inchi 10 ina pikseli 1024 kwa 600. Madirisha mengi ya mipangilio yameundwa kwa skrini ndefu kuliko hiyo, kwa hiyo kitufe cha "Sawa" hujificha chini ya ukingo. Kwenye zote nne, shikilia Alt kisha uburute dirisha kwa kipanya ulipandishe juu. Ukitaka suluhisho la kudumu zaidi, amri ya xrandr ina kipimo cha --scale kinachobana picha kubwa iingie kwenye skrini ndogo. Herufi hufifia kidogo, lakini dirisha zima linaonekana.

Kwa sura, Q4OS ndiyo itakayomfurahisha aliyezoea Windows XP. Trinity ni mwendelezo wa KDE 3.5, na kila kitu kipo pale mtu wa kizazi kile anapotarajia: menyu kushoto chini, saa kulia, ikoni za folda zinazoeleweka. LXDE ya Debian ni ya kawaida na tulivu, haina pambo. IceWM ya antiX inakula nafasi ndogo ya skrini, na hilo ni jema, lakini menyu zake zimejaa vitu na vyombo vya mipangilio vimetawanyika. Puppy ina JWM (kisimamizi chepesi cha madirisha), ikoni kubwa kwenye eneokazi, na kidhibiti mafaili ambacho, katika Puppy nyingi, hufungua kwa kubofya mara moja. Inachukua muda mfupi kuizoea.

Masasisho na usalama

Debian ina mpango wa kuendelea kuitunza Debian 12 hadi Juni 2028 kupitia timu yake ya matunzo ya muda mrefu. antiX 23 na Q4OS 5 huchota vifurushi vingi kutoka hazina hiyohiyo, kwa hiyo zinafaidika. Debian yenyewe ndiyo iliyo karibu zaidi na chanzo. Hakuna mtu wa kati anayeweza kuchoka na kuacha, na kwa mtu anayetaka kusakinisha mara moja na kusahau, hilo lina uzito.

Puppy iko tofauti katika mambo mawili. Kwanza, unatumia mfumo kama mtumiaji mkuu, root, tangu unapowasha. Waundaji wake wana sababu zao, na programu za intaneti zinaweza kuendeshwa chini ya mtumiaji mdogo aitwaye spot. Hakikisha kivinjari chako kimewekwa hivyo. Pili, kusasisha mfumo wote kwa pamoja hakupendekezwi, kwa kuwa msingi wake umefungwa kwenye faili moja na kila sasisho linajaza hifadhi yako. Utaratibu wake ni kusasisha kivinjari na programu unazotumia, kisha kubadilisha faili la msingi toleo jipya linapotoka. Kwa mtu anayefanya miamala ya benki kwenye netibuku yake, ningependelea mojawapo ya nyingine tatu.

Mwenye biti 64 ana njia ndefu zaidi mbele yake: Debian 13 yenye LXQt au LXDE itatunzwa hadi 2030 ukihesabu matunzo ya muda mrefu. Lubuntu 24.04 nayo inawezekana kwenye GB 2, ila Firefox yake huja kama snapu (kifurushi kilichojifungia pamoja na vyote kinavyohitaji), na kwenye Atom kufunguka kwake mara ya kwanza kunachosha.

Kivinjari

Haya yote yanafika ukomo unapofungua kurasa za kisasa. Barua pepe na mtandao mmoja wa kijamii vinaweza kumeza mamia ya MB, na Atom ya kiini kimoja inahema. Hakuna distro inayoweza kubadilisha hilo.

Kwa biti 32 kuna jambo la kuangalia zaidi. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016. Mozilla nayo ilitangaza kuwa Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na toleo la matunzo marefu, ESR 140, litapata masasisho ya usalama hadi angalau Septemba 2026. Kwa hiyo netibuku ya N270 isiwe kompyuta yako pekee ya mambo nyeti ya mtandaoni.

Yapo mambo yanayosaidia. Kizuia matangazo hupunguza mzigo wa kurasa kuliko mpangilio wowote wa mfumo. Dillo na NetSurf hufungua kurasa za maandishi kwa wepesi wa kushangaza, ingawa Dillo haielewi JavaScript, hivyo tovuti nyingi zitaonekana nusu. Video zitazamwe nje ya kivinjari: yt-dlp (ya kupata video) ikiwa pamoja na mpv (ya kuicheza), kwa ubora wa 360p au 480p, hupita vizuri kwenye N270 wakati video ileile ndani ya kivinjari inakwamakwama. Na kwenye Debian au Q4OS yenye GB 1, sakinisha zram-tools na uchague mbinu ya lz4. Hubana sehemu ya RAM ili itoshe zaidi, bila kuilemea prosesa sana.

Kila moja inamfaa nani

antiX inamfaa mwenye RAM ndogo kabisa au prosesa ngumu, aliye tayari kusoma na kuvumilia sura isiyopendeza. Humlipa vizuri mwenye subira.

Puppy inamfaa anayetaka kubeba mfumo wake mfukoni, mwenye diski ndogo au mbovu, na anayependa kuchezea kompyuta bila hofu ya kuiharibu. Haimfai anayetarajia kila kitu kiende kama kwenye Linux nyingine, kwa maana maelekezo mengi ya Debian hayafanani na njia zake.

Q4OS inamfaa anayeandaa mashine kwa ajili ya mtu mwingine, mzee au mwanafunzi, ambaye hataki kujifunza mpangilio mpya. Trinity ina jumuiya ndogo, kwa hiyo ukikwama kwenye jambo la eneokazi lenyewe, majibu si mengi.

Debian inamfaa anayekubali kutumia muda zaidi mwanzoni ili asisumbuke baadaye, na anayetaka maelekezo mengi na ya kuaminika. Kisakinishi chake kinauliza maswali mengi. Moja kati yao ni eneokazi gani unataka, na hapo weka alama kwenye LXDE na uondoe ile ya GNOME.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Una MB 512 za RAM na huwezi kuongeza: antiX, toleo la base, na usitarajie vichupo vingi vya kivinjari kwa wakati mmoja.

Una GB 1, biti 32, na unaandika, unasoma PDF na kusikiliza muziki: Debian 12 yenye LXDE kama unajiamini na kisakinishi, Q4OS kama hujiamini.

Diski imekufa au ni ya GB 4: Puppy kwa wepesi wa kuhifadhi na kurudi nyuma, au antiX yenye uhifadhi wa kudumu kama unataka mtumiaji wa kawaida mwenye nywila.

Una N450 au zaidi na GB 2: achana na biti 32 kabisa, weka Debian 13 yenye LXQt. Q4OS ya biti 64 ni mbadala mzuri kama sura ya XP ndiyo unayoitaka.

Wifi ni Broadcom na huna waya wa mtandao karibu: washa Puppy kwanza uone kama inaishika. Ikiishika, ama ubaki nayo, ama uitumie kupakua vifurushi utakavyohitaji kwenye distro nyingine, uviweke kwenye flashi kabla ya kusakinisha.

Mashine ina GMA 500 au GMA 3600: chagua yoyote kati ya nne kwa sababu nyingine, na uitumie kwa maandishi.

Na kwa vyovyote, ukishawasha distro unayoijaribu, pima kwa utaratibu uleule kila mara: unganisha wifi, cheza sauti, funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka, bonyeza vitufe vya mwanga wa skrini, fungua tovuti ile unayoitumia kila siku, kisha uandike free -h usome kilichobaki. Iliyopita vipimo hivyo kwenye mashine yako wewe, hata kama si niliyoitaja kwa hali yako, ndiyo ya kusakinisha.